Kuuliza Habari za Moyo: Kufasiri Mahojiano ya Ugonjwa wa Huzuni

Mswahili akiulizwa "Habari gani?" hujibu "Njema," hata kama nyumbani kwake yumo mgonjwa, na kama kuna msiba, husema kwanza "Njema," kisha ndipo aongezapo, "illa tumefiwa." Huu si uongo. Ni adabu, maana mtu hamtwiki mwenziwe mzigo wake kabla hawajamaliza kusalimiana. Kila mwalimu na kila kasisi aliyekaa na watu aijua desturi hii, naye hulingoja lile neno la pili. Lakini mgeni aliyeshika karatasi ya maswali pengine hangojei. Huandika "njema," akaendelea na swali lifuatalo.

Katika makala hii twataka kueleza kazi ya kuhamisha mahojiano ya ugonjwa wa huzuni toka lugha moja hata lugha nyingine. Wengi wadhani ni kazi ya kufasiri tu, kama mtu afasirivyo barua. Twataka kuonyesha kwamba sivyo. Swali lililofasiriwa neno kwa neno laweza kuuliza jambo jingine kabisa. Na hakimu wa tafsiri si kamusi, wala si mjuzi wa lugha mbili, bali ni yule mwenye kuumwa, kwa jinsi anavyolisikia swali masikioni mwake. Wala jambo hili si la wanazuoni peke yao. Jibu likiandikwa vibaya, mtu aliyekuja kutafuta msaada hurudi nyumbani akiwa amehesabiwa mzima. Na katika ugonjwa huu wako wasiorudi mara ya pili.

UGONJWA WENYEWE, NA KOSA LA ZAMANI

Huzuni ya kufiwa au ya kupotewa na mali si ugonjwa. Huja kama wimbi, ikapungua, ikarudi, na kati ya mawimbi mtu hucheka na wenziwe na kula pamoja nao. Madaktari huita ugonjwa ile hali ambayo kwa muda wa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, moyo wa mtu umeinama, au hamu ya mambo aliyoyapenda imemtoka. Na pamoja na hayo hapati usingizi au hulala kupita kiasi, chakula hakimpendezi, nguvu zimemwisha, hujiona hafai kitu, hawezi kukaza fikira, na pengine hutamani kufa. Si lazima dalili zote ziwepo, lakini zikiwa nyingi pamoja, na kazi za kila siku zikimshinda, mtu huyo ataka kutibiwa.

Zamani palikuwa na wataalamu waliosema kwamba ugonjwa huu ni haba kwa Waafrika. Mwaka 1953 Shirika la Afya Ulimwenguni lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, daktari aliyekuwa amesimamia hospitali ya Mathari huko Nairobi, nacho kilieneza maoni hayo, pamoja na neno kwamba Mwafrika hana desturi ya kujilaumu. Sababu ya kosa si ngumu kuiona. Katika hospitali ya wenye wazimu hupelekwa yule apigaye watu, avuaye nguo sokoni, au achomaye nyumba. Mwenye kuumwa moyoni hafanyi makelele. Hukaa pembeni mwa nyumba, ameelekea ukutani, na jamaa zake husema kwamba ana uvivu, au amelogwa, au amekuwa mpole. Aliyehesabu wagonjwa wa hospitalini hakumkuta.

Wengine walikwenda kumtafuta mahali alipo. Mwaka 1960 M. J. Field, aliyekuwa mjuzi wa desturi na tena daktari, alieleza habari za wanawake wa vijijini katika Ghana waliokwenda penye matambiko wakijishtaki wenyewe kwamba ni wachawi na kwamba wamewadhuru jamaa zao. Nani awezaye kusema kwamba hawa hawakujilaumu? Walijilaumu kwa maneno ya kwao. Kisha katika Uganda daktari John Orley, aliyejifunza desturi za Waganda, aliyahamisha katika Kiganda mahojiano yaliyotungwa London na John Wing, akawahoji watu wa vijiji viwili. Mwaka 1979 yeye na Wing walitangaza kwamba huzuni ya ugonjwa ilionekana kwa wingi zaidi katika vijiji vile kuliko katika mtaa wa London waliolinganisha nao. Ugonjwa ulikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, na kuuliza kwa maneno yenye kusikika.

MAHOJIANO YATUMIKAYO

Yafaa tutaje vyombo vitatu, maana msomaji aweza kuvikuta hospitalini. Cha kwanza ni kipimo cha Max Hamilton wa Leeds, Uingereza, kilichotangazwa mwaka 1960. Kina mambo 17, na daktari huyauliza ana kwa ana, akatoa alama kwa kila moja. Jumla haizidi 52. Hamilton hakuandika maneno ya kuuliza, basi kila daktari aliuliza kwa namna yake, hata mwaka 1988 Janet Williams akatunga maswali yaliyopangwa ili wote waulize namna moja. Cha pili ni orodha ya Hopkins, yenye maswali 25: 10 ya wasiwasi na 15 ya huzuni. Cha tatu ni orodha ya maswali 9 iitwayo PHQ-9, iliyotangazwa mwaka 2001. Huuliza habari za wiki mbili zilizopita, na kila jibu hupata alama toka 0 hata 3, jumla 27. Aliyepata 10 au zaidi huhesabiwa kuwa ataka kutazamwa na mganga.

Vyombo hivi vyote vilizaliwa katika Kiingereza, katika nchi ambazo watu wengi husoma gazeti asubuhi na kumwendea daktari kwa ahadi ya saa. Si ajabu basi kwamba PHQ-9, ikitaka kujua kama mtu aweza kukaza fikira, yatoa mfano wa kusoma gazeti au kutazama televisheni. Mama asiyejua kusoma, wala hana televisheni, atajibu kwamba hana taabu yo yote katika mambo hayo. Amesema kweli, na jibu lake halina maana. Aulizwe kama aweza kuisikiliza hadithi au hotuba hata mwisho, au kuhesabu chenji ya sokoni bila kupotea. Hapo swali limerudi kuwa lile lile lililokusudiwa.

JINA LA UGONJWA

Kizuizi cha kwanza ni jina. Kiswahili kina utajiri wa maneno ya moyo: huzuni, majonzi, simanzi, jitimai, ukiwa, unyonge, uchungu, majuto. Kila moja lina mahali pake. Majonzi na simanzi huenda na msiba. Ukiwa ni wa aliyeachwa peke yake. Majuto yafuata tendo lililokwisha. Katika siku hizi wataalamu wa Tanzania wamelichukua neno "sonona" liwe jina la ugonjwa, nalo ni neno jema, kwa kuwa kusononeka ni kuumia ndani kwa ndani. Lakini neno lililochaguliwa na wataalamu si lazima liwe kinywani mwa watu. Mama wa shamba hasemi "nina sonona." Husema "nina mawazo," au "mawazo yamenizidi," au "moyo waniuma," au "mwili wote mzito." Mwuliza maswali asiyejua hayo husikia "moyo" akatafuta ugonjwa wa moyo ule upigao kifuani.

Majirani zetu watufundisha. Katika Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, Paul Bolton na wenziwe hawakuanza na orodha ya Kiingereza. Waliwaomba watu wa mashamba wataje wenyewe taabu zilizoletwa na mambo yale, kisha wakawauliza wenye kujua habari za kijiji wazieleze. Ndipo likatokea neno "agahinda gakabije," yaani huzuni iliyopita kiasi, na dalili ambazo watu walizitaja chini ya jina hilo zilifanana kwa sehemu kubwa na zile za vitabu vya madaktari. Katika wilaya za Rakai na Masaka, Uganda, walifanya vivyo hivyo, wakapata majina mawili: "yo'kwekyawa," ndiyo hali ya kujichukia mwenyewe, na "okwekubazida," ndiyo hali ya kujihurumia. Lugha moja imegawa mara mbili kile ambacho lugha nyingine yakiita kwa jina moja.

Katika Harare, Zimbabwe, Vikram Patel na wenziwe walikwenda mbele zaidi. Walikusanya maneno ambayo wagonjwa wenyewe huyasema kwa waganga wa hospitali na kwa waganga wa kienyeji, wakatunga kwayo orodha mpya ya Kishona yenye maswali 14, iliyotangazwa mwaka 1997. Kati yake limo neno "kufungisisa." Mswahili asidhani kwamba lahusu kufunga mlango: katika Kishona "kufunga" ni kufikiri, na kile kiishio kirefu chaongeza nguvu, basi maana yake ni kufikiri kupita kiasi. Ni ndugu wa "mawazo" yetu. Hapo hapo Harare, katika mtaa wa Mbare, Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 kazi ya kuwatuma bibi wazee wakae juu ya benchi na kuwasikiliza wenye "kufungisisa." Jaribio lililotangazwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliosikilizwa hivyo walipata nafuu kuliko wale waliotunzwa kwa njia ya kawaida. Jina likijulikana, mlango wa kuingilia umepatikana.

MASWALI YATELEZAYO

Sasa tutazame maswali yenyewe, na mahali ambapo Kiswahili chaweza kumtega mfasiri.

La kwanza ni swali la kujiona mwenye hatia. Kamusi yatupa neno "hatia," lakini hatia katika Kiswahili ni jambo la baraza na hakimu. Mtu akiulizwa "Je, unajisikia una hatia?" atajibu upesi, "Sina hatia, sikumwibia mtu." Linalotafutwa ni nafsi kumsuta mtu usiku, na kujilaumu kwa mambo ambayo si kosa lake. Wahopi wa Arizona, Marekani, waliwapa wataalamu funzo kubwa hapa. Spero Manson na wenziwe, walioeleza kazi yao mwaka 1985, walikuwa na mahojiano ya Kiingereza yaliyotia hatia, aibu na dhambi katika swali moja. Wahopi walisema kwamba haya ni mambo matatu mbalimbali, wala hayawezi kujibiwa kwa neno moja. Ikawa lazima kuyatenga yawe maswali matatu. Kwetu pia mtu aweza kuwa na aibu bila dhambi, kama mwanamke tasa atazamwavyo na wakwe zake. Aweza kuungama dhambi bila kuwa mgonjwa. Na aweza kujilaumu kwa kifo cha mtoto wakati hapana aliyemlaumu. Hili la mwisho ndilo atafutalo daktari.

Karibu na hilo liko jambo liwahusulo makasisi hasa. Katika kipimo cha Hamilton, mtu asemaye kwamba ugonjwa wake ni adhabu hupewa alama nyingi. Lakini katika nchi zetu Mkristo na Mwislamu wote wawili husema kwa kawaida, "Mungu amenionja," au "Labda ni adhabu yangu," wakiwa wazima kabisa, kama namna ya unyenyekevu. Vivyo hivyo kipimo kile chatoa alama kwa asiyekubali kwamba aumwa moyoni, akasema sababu ni kitu kingine. Naye asemaye "nimelogwa" aweza kuhesabiwa kuwa hajijui, ingawa asema wasemavyo kijiji kizima. Aulizaye yampasa kupambanua: Je, haya ni maneno ya jamaa wote, au ni yake peke yake? Je, yamfariji, au yamtesa? Kasisi aliyezoea kusikiliza atapambanua haya upesi kuliko mgeni, na ushauri wake wafaa kutakwa wakati wa kutunga maswali, si baadaye.

La pili ni swali la raha. Kiingereza chauliza kama mtu amepungukiwa na furaha katika kufanya mambo. Ukiandika "Je, umekosa raha?" mtu atafahamu kwamba waulizia taabu zo zote, hata deni la dukani. Ukiandika "starehe," mama mwenye heshima ataona kwamba wamdhania mtu wa pombe na ngoma za usiku. Ni heri kutaja mambo yenyewe: "Kuzungumza na wenzako barazani, kwenda arusini, kuimba, kutunza kuku wako: mambo haya yakupendeza kama zamani, au hayakupendezi tena?"

La tatu ni la usingizi. Hamilton auliza mara tatu: kuchelewa kulala, kuamka-amka katikati ya usiku, na kuamka mapema mno. Kuamka mapema ni dalili kubwa ya ugonjwa huu. Lakini mkulima huamka saa kumi na moja alfajiri kila siku, na Mwislamu mcha Mungu huamka kwa sala. Ulizo lazima liseme: "Waamka kabla ya wakati wako, usiweze kulala tena, ukakaa gizani na mawazo?" Hali kadhalika swali la kukonda. Wengi hawajui uzito wao kwa kilo, lakini kila mtu ajua kama nguo zimeanza kumpwaya. Na aulizaye habari za chakula mwezi wa Ramadhani akumbuke ni mwezi gani.

La nne ni la kanusho, nalo ni la sarufi tupu. Katika Kiswahili "ndiyo" huyakubali maneno ya aliyeuliza. Ukisema "Hupati usingizi?" nami sipati, nitajibu "Ndiyo," maana umesema kweli. Katika Kiingereza jibu lafuata jambo lenyewe, si maneno ya swali, basi mtu yule yule angejibu "Hapana." Aliyesoma shule za Kiingereza pengine hujibu kwa desturi ile hata anaposema Kiswahili. Hivyo "ndiyo" moja yaweza kuwa na maana mbili zinazopingana, na karatasi haitaonyesha ipi ni ipi. Dawa yake ni nyepesi: swali lisiwe na kanusho, na jibu litakwe kwa kitenzi, "napata" au "sipati," wala si "ndiyo" na "hapana."

La tano ni hesabu ya siku. PHQ-9 ina vipimo vinne vya jibu, na kimojawapo chasema dalili ilikuwapo zaidi ya nusu ya siku za wiki mbili. Mfasiri akiandika kwa ufupi "zaidi ya nusu ya siku," msikilizaji atafahamu toka asubuhi hata baada ya adhuhuri, yaani nusu ya siku moja! Hesabu yote imeharibika kwa maneno matatu. Twaona ni bora kutaja "siku 8 au zaidi katika siku hizi 14", na kwa asiyezoea hesabu, kuweka mezani punje 14 za mahindi na kumwambia, "Kila punje ni siku moja. Tenga zile ambazo moyo ulikuwa mzito." Vidole vyake vitajibu vizuri kuliko maneno yetu.

TAFSIRI IRUDIYO SALAMA

Tangu zamani wataalamu wametumia njia moja ya kuikagua tafsiri. Mtu wa kwanza huyatia maswali katika lugha mpya, mtu wa pili, asiyeona yale ya asili, huyarudisha katika lugha ya kwanza, kisha hulinganishwa. Richard Brislin aliieleza njia hii mwaka 1970, nayo imeenea kote. Ni njia yenye faida, maana huonyesha neno lililosahauliwa au lililogeuzwa. Lakini ina udhaifu ambao wengi hawautambui.

Orodha ya Hopkins ina swali ambalo kwa Kiingereza lataja rangi ya buluu, kwa kuwa katika lugha ile mtu wa buluu ni mtu mwenye majonzi. Tuseme mfasiri ameandika, "Je, umejiona kuwa wa rangi ya buluu?" Likirudishwa, litarudi Kiingereza vile vile lilivyotoka, bila doa, na wasimamizi watasema tafsiri ni kamili. Lakini bibi mmoja wa Tabora, akiulizwa swali hilo, atautazama mkono wake. Sasa tuseme mfasiri mwingine ameandika, "Je, moyo wako umekuwa mzito?" Bibi atafahamu mara moja, pengine machozi yatamtoka kabla hajajibu. Lakini swali hili likirudishwa katika Kiingereza litaleta habari za moyo na uzito, na wasimamizi watasema tafsiri imepotoka. Basi tafsiri mbovu yaweza kurudi salama, na tafsiri njema yaweza kurudi imebadilika sura. Anayeiamini njia hii peke yake atajikuta akichagua maneno yapendezayo waliotuma, wala si yafahamikayo kwa wapelekewa.

Ndiyo sababu kazi iliyofanywa vizuri huongeza hatua nyingine. Wafasiri wawili hufasiri mbalimbali, kisha hukaa pamoja na mganga, na mwalimu, na watu wa kawaida, wanaume kwa wanawake, wakapatana. Baada ya hapo maswali husomwa mbele ya watu wachache wa kijijini, na kila mmoja huulizwa si jibu lake, bali, "Umesikia nini katika swali hili? Liseme kwa maneno yako." Hapa ndipo "nusu ya siku" na "hatia" hufichuka. Wahenga walisema, siri ya mtungi muulize kata.

Hatua ya mwisho ni kuulinganisha uamuzi wa orodha na uamuzi wa mtu ajuaye. Daktari wa magonjwa ya akili humhoji mtu yule yule bila kujua orodha imesema nini. Kisha huonekana wangapi waliokamatwa na wangapi waliopita. Pasipo daktari, kama katika mashamba ya Rwanda, Bolton na wenziwe waliwatumia majirani waliomjua mtu kuwa ana "agahinda gakabije." Tena waliuliza kazi: mwanamke aweza kulima, kupika, kulea watoto? Mwanamume aweza kazi zake? Maana ugonjwa usiomzuia mtu cho chote si sawa na ule uliomlaza.

Hatua hii ni ya lazima kwa sababu mpaka wa alama hausafiri pamoja na maswali. Katika Dar es Salaam, Sylvia Kaaya na wenziwe waliijaribu orodha ya Hopkins kwa wanawake wajawazito wenye virusi vya Ukimwi, wakatangaza mwaka 2002 kwamba ilifaa. Lakini mpaka uliofaa ulikuwa chini sana ya ule wa 1.75 uliozoeleka kwingine. Kama wangeushika mpaka wa ugenini, wanawake wengi wagonjwa wangeambiwa kwamba ni wazima. Katika Kenya ya magharibi nako PHQ-9 ilijaribiwa kwa watu wenye virusi hivyo, ikaonekana kuwa yatumika, na habari zake zikatangazwa mwaka 2009.

SWALI LA MWISHO

Swali la mwisho katika PHQ-9 ni la kifo, nalo ndilo ambalo wengi huliruka au hulipaka asali. Sababu zao zaeleweka. Kujiua ni mwiko katika makabila mengi na dhambi katika dini zetu. Tena sheria ambazo Waingereza waliziacha katika nchi nyingi walizozitawala zilikuhesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kijana aliyetumwa na hospitali ataona haya kumwuliza mzee aliyetoka kumwamkia shikamoo. Wengine huogopa kwamba kuuliza kutamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Hofu hii ya mwisho waliochunguza hawakuiona kuwa kweli; mara nyingi mtu aliyeulizwa kwa upole huona mzigo umepungua.

Hapa tafsiri yahitaji ngazi, si mruko. Watu wetu hawaanzi kwa kusema "nataka kujiua." Husema, "Laiti Mungu angenichukua," au "Nimechoka na dunia," au "Afadhali waliokwisha kupumzika." Maneno haya pengine ni ya mzee mcha Mungu aliye tayari kwa safari yake, na pengine ni ya msichana aliyekwisha kuficha kamba. Basi swali la kwanza na lianze hapo alipo: "Pengine mtu akizidiwa huona heri afe. Wewe je, umepata kuona hivyo?" Akikubali, la pili: "Umewaza kujidhuru mwenyewe?" Akikubali tena, la tatu: "Umefikiri ni kwa njia gani? Kitu hicho unacho nyumbani?" Hilo la tatu lisifichwe kwa mafumbo, maana fumbo laweza kujibiwa kwa fumbo. Na mtu aliyejibu "ndiyo" kwa hilo asiachwe peke yake, wala asiambiwe aje wiki ijayo. Kamba, au dawa ya wadudu, iondolewe nyumbani, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo pamoja na jamaa amwaminiye.

KAZI ILIYO YETU

Walimu na makasisi si madaktari, wala hatusemi kwamba wachukue orodha hizi na kutoa hukumu. Alama 10 za PHQ-9 hazimfanyi mtu kuwa mgonjwa; zamwonyesha tu kuwa ni mtu wa kutazamwa. Wala si vizuri mtu kuyabadili maneno ya maswali yaliyokwisha kupimwa kwa kuwa ayaona hayampendezi, maana kipimo kilichobadilishwa si kipimo tena mpaka kijaribiwe upya. Akiona swali halifahamiki kwa watu wake, aandike jinsi walivyolisikia, awapelekee wale waliolitunga.

Lakini iko kazi ambayo daktari hawezi kuifanya bila sisi. Mwalimu ajua mtoto aliyeacha kucheza. Kasisi husikia maneno ambayo hayasemwi mbele ya meza ya hospitali. Maneno hayo ndiyo vitu vya ujenzi vya mahojiano yo yote yatakayofaa, na katika lugha nyingi za nchi zetu hayajakusanywa. Kila mahali watu wana namna yao ya kusema kwamba moyo umeinama: hapa husemwa kwa ini, pale kwa tumbo, pale kwa kichwa, pale kwa kivuli cha mtu kilichopotea. Msomaji akiyaandika haya kwa uaminifu, pamoja na nani ayasemaye, kwa nani, na wakati gani, atakuwa amewafanyia watu wake kazi kubwa.

Wazee husema, mficha maradhi kifo humuumbua. Twaongeza kwamba si kila asiyesema ameficha. Wengine wamekwisha kusema, mara nyingi, kwa lugha yao wenyewe, na hapakuwa na aliyeandika.